Je, Mkenya anaweza kufungua kesi Arusha?

Ndugu, umeuliza kama ninyi mliofurushwa kwenye ardhi yenu nchini Kenya mnaweza kuishtaki serikali moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Hamwezi, kwa sababu Kenya, ingawa imeridhia itifaki (mkataba) iliyoianzisha mahakama hiyo, haijatoa tamko linaloruhusu watu binafsi kuifikia. Hata Tanzania, iliyo mwenyeji wake, iliondoa tamko lake mwaka 2019.

Njia iliyo wazi ni kupeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul nchini Gambia, ambayo ina mamlaka ya kuifikisha Kenya Arusha, kama ilivyofanya kwa Waogiek wa msitu wa Mau mwaka 2012. Walishinda mwaka 2017, na mwaka 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na wapewe hati za ardhi ya mababu zao. Hata hivyo, mwishoni mwa 2023 watu walikuwa bado wanafurushwa msituni humo, kwa kuwa mahakama haina polisi wake, na utekelezaji huachiwa serikali ile ile iliyoshindwa.

Anzeni na mahakama za Kenya, maana Tume hudai mmalize kwanza njia za ndani, isipokuwa zinapocheleweshwa kupita kiasi. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haina sharti hilo, lakini kesi lazima ifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo mnacholalamikia, kwa hiyo mwoneni wakili wiki hii.