Mshahara laki tatu na ishirini, kikao elfu sitini: mshauri wa kumudu bila kadi ya bima nampataje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga, nakaa Chumbageni. Tangu mama afariki silali, nikipitiwa na usingizi naamka saa nane usiku moyo unaenda mbio, na darasani juzi nimejikuta nimesimama tu na chaki mkononi watoto wananiangalia. Nimeulizia mshauri mmoja kaniambia kikao 60,000. Mshahara wangu ni 320,000. Bima ipo ila ni ya kazini kwa mume wangu na sitaki kuitumia, sitaki ajue kwa sasa. Nasikia wapo wanaotoza kulingana na kipato cha mtu. Nawapata wapi, na naombaje bila kujidhalilisha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na msiba. Mimi sio dokta, ni mshauri nasaha, nimekaa ustawi wa jamii hospitalini miaka mingi kabla sijafungua kachumba kangu hapa mjini, kwaiyo hii habari ya nani alipe ngapi naijua kwa kuombwa na kwa kuomba.

Hao unaowatafuta wapo, ila ukikaa kusubiri uone bango limeandikwa "bei nafuu" hutowapata. Mshauri anakuwa na bei yake kamili na anakuwa na bei ya chini ambayo hawezi kushuka zaidi ya hapo, na kwenye wiki anaacha nafasi chache za watu wa bei ya chini. Mimi kwa mfano naona watu 14 kwa wiki na nafasi 3 ni za hivyo, hazitangazwi manake ukitangaza zinajaa siku hiyohiyo. Anayezipata ni yule aliyeuliza, basi. Wewe ulitajiwa 60,000 ukashukuru ukakata simu, sio? Mficha uchi hazai mdogo wangu.

Na usiombe kama unavyopatana bei ya kitenge Ngamiani, "nipunguzie bwana". Taja kiasi chako mwenyewe. Piga hesabu kwanza: vikao 4 kwa 60,000 ni 240,000, hapo umebaki na 80,000 ya kula na nauli, haiwezekani. Lakini tuseme kwa mwezi unaweza kutoa 40,000 bila kukopa, basi mwandikie hivi: "Habari, mimi ni mwalimu, nimefiwa na silali vizuri, nahitaji vikao. Uwezo wangu ni 40,000 kwa mwezi, nalipa mwenyewe bila bima. Una nafasi ya bei ya kipato? Kama huna, unaweza kunielekeza kwa mwenzio?" Hilo swali la mwisho usilisahau, sisi tunajuana, na mtu akishindwa kukupokea anaona aibu kukuacha hivihivi. Tuma kwa watu watano sio mmoja. Akikubali muulize mapema hiyo bei ni ya muda gani, na usipotokea siku ya kikao unalipa au hulipi, maana ndio panapozuka ugomvi.

Alafu usiogope kuomba vikao vichache. Watu wengi wanaanza kila wiki, wakipata nafuu wanahamia kila wiki mbili, baadae mara moja kwa mwezi. Ila isiwe waja leo waondoka leo, kikao kimoja hakitoshi mtu.

Kuhusu Bombo: hospitali ya rufaa ya mkoa ina huduma ya afya ya akili, na hakuna anayekulazimisha kutoa kadi, unaweza kwenda kama mtu wa kulipa keshi na ukabaki na risiti yako. Kwa kawaida utalipa pungufu sana kuliko kwa mtu binafsi, tatizo ni foleni na muda mfupi wa kuongea. Asiye na kitu kabisa anapitia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini, wanamhoji na mara nyingi wanataka barua ya serikali ya mtaa, akithibitika anapewa msamaha. Wewe mwenye mshahara utapata shida kupita huko, nakwambia usije ukapoteza siku. Na sijui kwanini watu wa huku wakisikia ushauri wa akili wanawaza Lutindi moja kwa moja, ile ya Korogwe ni hospitali yenye wodi za wagonjwa wa akili, wewe unahitaji kiti na mtu wa kukusikiliza.

Njia nyingine watu wanaidharau, wanafunzi wa saikolojia tiba na ushauri, wa MUHAS (chuo cha afya Muhimbili) na UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kwa mfano. Wanahitaji watu wa kujifunzia, bei yao inakuwa chini au hamna kabisa, na kila kesi wanaijadili na msimamizi. Uliza tu "msimamizi wako ni nani", akibabaika achana nae. Usidhani kisomo kirefu ndio kinaponya, Zimbabwe kuanzia 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi 14 kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na mabibi kwenye mabenchi hayo walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpaka Zanzibar hapo ng'ambo mpango huo umefika.

Mshauri au mwanafunzi akiwa mbali, mnaongea kwa simu. Sasa nyumba zetu hizi ukuta haufiki juu, jirani anasikia mpaka unavyokoroga chai. Nina mteja wangu mmoja anakwenda Raskazone jioni, anakaa kwenye jiwe na earphone anaangalia bahari, mtu akipita anajua anaongea na mchumba wake. Na kama unalipa kwa simu kumbuka meseji inarudi na jina la mshauri, kama simu mnachangia na mzee nyumbani lipa kupitia wakala.

Kitu kimoja nakukataza, usinunue "pakeji". Mimi mwenyewe kipindi nimeachika nililipa laki tatu ya vikao kumi kwa mtu mmoja Dar, nikapata vinne, cha tano hapokei simu mpaka leo. Lipa kikao kwa kikao.

Kama usiku yanakujia mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, hapo mambo ya bei yaache, nenda mapokezi ya dharura saa hiyohiyo, hata kama itabidi umuamshe mume wako akupeleke.

Hiyo meseji itume kesho mapema kabla ya saa tatu asubuhi, tukishaanza vikao simu tunazima mpaka jioni.