Maswali ya Wasomaji: Mandolini na Tuni za Ayalandi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Iringa. Mgeni aliyekuwa akirudi kwao aliniachia mandolini, chombo kidogo cha nyuzi, nami ninajifunza tuni za Ayalandi kwa kuzisikiliza kwenye simu. Noti zote nazipata, lakini jigi, tuni ya kuchezea dansi, nikiipiga mimi haichezeki. Je, tatizo ni chombo au ni mimi?
Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, chombo hakina kosa, na kama noti unazipata basi mkono wako wa kushoto nao hauna kosa kubwa; kinachotakiwa kufundishwa upya ni mkono wa kulia. Kila kipimo cha jigi kina mapigo sita yaliyogawanywa katika makundi mawili ya matatu, na mpiga gitaa aliyezoea kushusha na kupandisha piki (kibao chembamba cha kudonolea nyuzi) kwa zamu bila kukatiza hujikuta analianza kundi la pili kwa kupandisha, yaani pale ambapo mkono huwa mwepesi, hivyo pigo la nne, ambalo mchezaji hulitegemea ili akanyage chini, linapotea. Wapigaji wengi wa tuni hizi hufuata mpangilio wa shusha, pandisha, shusha, kisha shusha, pandisha, shusha, ili kila kundi lianze kwa uzito. Kushusha mara mbili mfululizo kutakuudhi mwanzoni, kwa hiyo punguza mwendo mpaka kusikukere tena. Wapo wapigaji hodari wanaotumia zamu tupu hata kwenye jigi, lakini hao wamekwisha kujifunza kulitia uzito pigo la nne wakiwa wanapandisha, nami nisingekushauri uanzie huko. Rili, aina nyingine ya tuni za dansi ambayo noti zake huenda nne nne, haina taabu hiyo, na zamu uliyoizoea inatosha.

Jambo la pili ni mapambo. Mpiga fidla huishikilia noti ndefu kwa upinde huku vidole vikiizungushia noti za jirani, lakini sauti ya mandolini hufifia upesi mno kwa mapambo ya namna hiyo, na ndiyo sababu wapigaji wa piki huijaza noti ndefu kwa kuidonoa mara tatu za haraka katika nafasi yake ileile. Barney McKenna, mpiga banjo wa kundi la The Dubliners, alisifika sana kwa udonoaji huo, na ukimsikiliza utagundua kwamba hakuutia kila mahali.

Kuhusu vidole vya kushoto, usitumie kanuni ya gitaa ya kidole kimoja kwa kila freti (vyuma vilivyopita shingoni mwa chombo). Urefu wa uzi wa mandolini unaopigwa ni kama sentimita 35 tu, kwa hiyo vidole hufuata utaratibu wa fidla: cha shahada hushika freti ya 1 na ya 2, cha kati ya 3 na ya 4, cha pete ya 5 na ya 6, na kidogo hufika ya 7.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya, na ninasoma solfa tu. Je, solfa itanifaa kwa muziki huu? Na kwa nini baadhi ya tuni hazimalizii kwenye do?
Mwalimu, Tukuyu

JIBU: Itakufaa, Mwalimu, tena kwa swali lako la pili itakufaa kuliko nota za mistari. Nyuzi za mandolini, zilizopangwa mbili mbili, kuanzia nene, ni G, D, A na E, kama za fidla. Katika ufunguo wa D, nyuzi hizo zikiwa wazi hutoa fa, do, sol na re; katika ufunguo wa G hutoa do, sol, re na la. Funguo hizo mbili zinabeba sehemu kubwa ya tuni za Ayalandi.

Tuni nyingine hukaa na kumalizia kwenye re, nyingine kwenye sol, ingawa ngazi inayotumika ni ileile. Rili iitwayo Drowsy Maggie, kwa mfano, ina ngazi ya D lakini makao ya sehemu yake ya kwanza ni E, yaani re. Mwanakwaya aliyezoea kutafuta do mwishoni hudhani wimbo umekatika, na mpiga gitaa akilazimisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya D pale mwishoni ataharibu kila kitu. Iandike tuni kwa solfa, zungushia duara noti ya mwisho, ndipo uchague kodi. Kwa kawaida utakuta sehemu mbili za vipimo vinane, kila moja ikirudiwa.

SWALI: Tuko watatu hapa Mbeya na mandolini moja. Tunataka chombo cha pili chenye sauti nzito zaidi. Pia, nyuzi za mandolini hatuzipati madukani. Tufanyeje?
Dada msomaji, Mbeya

JIBU: Dada, chombo cha pili kinategemea kazi yake. Buzuki, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu, ilitoka Ugiriki na kuingizwa katika muziki wa Ayalandi na Johnny Moynihan katikati ya miaka ya 1960, na kundi la Planxty, lililoanzishwa mwaka 1972, liliitangaza sana. Mara nyingi hutyuniwa G, D, A, D, na inafaa zaidi kusindikiza kuliko kukimbiza tuni, kwa sababu uzi wake una urefu unaokaribia ule wa gitaa na vidole hutanuka. Ila kama kati yenu yupo mwenye gitaa, ningeanza nalo kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu nyuzi, nunueni seti mbili za nyuzi nyembamba za gitaa kavu, zile zinazoanzia unene wa namba 10, wala si za gitaa la umeme. Uzi wa kwanza utakuwa E, wa pili A, wa tatu D na wa tano G. Wa nne na wa sita hamtazihitaji. Kwa kuwa mandolini hushika uzi kwa kitanzi, kivunjeni kwa plaizi kijipete kilicho mwishoni mwa uzi, polepole na macho yakiwa yamekingwa, ili kibaki kitanzi kitupu cha kuvisha kwenye ndoana.