Nilivyoikata diski vipande vinne na kilichonipata

Mara ya kwanza kusakinisha Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, nilijifanya mjuzi. Laptopu yenyewe ya mtumba, diski ya GB 320, betri imekufa. Nikaikata diski vipande vinne: mfumo, /home (mafaili yangu), /var (data za programu zinazobadilikabadilika) na swopu (nafasi ya diski ya kuisaidia RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Kile cha mfumo nikakipa GB 12, nikajiona mkarimu.

Nusu mwaka haikufika. Programu karibu zote hukaa /usr, na /usr ilikuwa ndani ya zile GB 12. Siku moja masasisho yakagoma: nafasi imejaa. Huku /home ina GB 200 tupu zisizonifaa kitu.

Kurekebisha ndiko kulikonitoa jasho. Niliwasha kwa flashi yenye GParted, programu ya kugawa diski, ili niimege /home upande wa mwanzo, mfumo upate pa kutanukia. Lakini ukimega kipande mwanzoni mwake, data yake yote huhamishwa, na diski ile ya kuzunguka haikuwa na haraka. Nilikaa saa tano nikiutazama mstari ukijongea, kila taa ikipepesa moyo unashuka tumboni. Umeme ungekatika katikati, ningelia.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, na diski haina kitu cha maana, chagua kufuta yote na uuache mfumo ujigawie wenyewe. Utapata kipande kidogo cha kuwashia na kimoja kikubwa cha ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), basi. Swopu usiihangaikie: tangu toleo la 17.04 Ubuntu huiweka kama faili la kawaida. Labda uwe unataka kompyuta ilale kwa kuhifadhi kila kitu diskini. Hapo itenge, isipungue ukubwa wa RAM.

/home ya peke yake ina raha kwa mtu anayebadilisha mifumo kama mashati, maana unafomati mfumo na mafaili yako yanabaki. Ila mfumo upe nafasi ya kupumua. Linux Mint, ndugu wa Ubuntu, wanataja GB 20 kuwa kima cha chini na wanapendekeza 100. Mimi sishuki chini ya 50.

Unabaki na Windows pembeni? Punguza nafasi ukiwa ndani ya Windows yenyewe, zima ule uwashaji wa haraka (Fast Startup), na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la data, andika ufunguo wake karatasini kwanza. Kisha utaona kipande kidogo cha FAT32 (mpangilio mwingine wa mafaili), mara nyingi MB 100 tu, kinachoonekana kama takataka. Usikifomati! Windows huwakia hapo, na Linux itapanga humo humo.

Chomoa pia diski ya nje kabla hujaanza. Kwenye orodha ya kisakinishi diski mara nyingi hazina majina ya kueleweka, ni kama sda na sdb, na sdb inaweza kuwa ile yenye picha za familia.