Kerneli mpya imegoma? Ya zamani isiguswe

Nimesasisha Linux jana, leo kompyuta haiwaki. Nifanyeje?

Ndugu zangu, haiwaki vipi? Menyu ya GRUB, ile programu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, inatokea? Maandishi yanapita kisha yanakwama? Piga picha mistari ya mwisho ya skrini, ndipo uulize. Bila hiyo nabahatisha tu.

Skrini imeandika "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Diski imekufa?

Usikimbilie kununua diski. Kerneli, yaani kiini cha Linux, imeamka ila haijaiona diski, na mara nyingi ni kwa sababu initramfs, kile kifurushi cha moduli kinachopakiwa pamoja nayo, hakipo au kimekatika katikati. Ninachokikuta zaidi ni /boot, folda inayohifadhi kerneli, iliyojaa. Wakati wa kusasisha, mstari wa "No space left on device" ulipita mbele ya macho yako, ukauacha.

Washa upya huku umeshikilia Shift. Kwenye kompyuta zenye UEFI (programu inayoamsha kompyuta kabla ya Linux) gusa Esc mara moja tu. Ukiigonga mfululizo utaangukia kwenye mstari wa amri wa GRUB. Kwa Ubuntu na Debian, ingia mstari wa pili wa menyu, chagua kerneli iliyotangulia. Ukishaingia, andika `uname -r`. Hiyo iliyotajwa ndiyo iliyokubeba, usiiondoe. Kisha `df -h /boot`. Ikiwa imejaa, ondoa zilizo kuukuu kuliko hiyo, halafu `sudo update-initramfs -c -k` pamoja na namba ya kerneli mpya, umalizie na `sudo update-grub`.

Nisifomati tu niweke upya?

Hapana. Utapoteza siku nzima kwa kosa la dakika kumi.

Nina kadi ya NVIDIA. Naona nembo, kisha giza.

Moduli ya NVIDIA inayosimamiwa na DKMS, chombo cha kujenga moduli, hujengwa upya kwa kila kerneli. Ingia kwa kerneli ya zamani, andika `dkms status`. Kama mpya haimo, sakinisha linux-headers (faili zinazohitajika kujenga moduli) za namba ileile. Kama imo na Secure Boot, ulinzi unaokubali tu programu zenye sahihi, imewashwa, huenda moduli haina sahihi inayotambulika, kwa hiyo inakataliwa. Wengi huizima Secure Boot. Mimi sikubaliani nao: sajili ufunguo wako wa MOK, ufunguo wa mmiliki wa kompyuta wa kutia sahihi moduli, ulinzi ubaki.

Natumia Arch, kerneli ya zamani siioni kwenye menyu.

Haipo. Pacman, kisakinishi cha Arch, huweka mpya mahali pa ya zamani, wakati Fedora kwa kawaida hubakiza 3. Washa kwa flashi ya usakinishaji, unganisha patisheni zako chini ya /mnt, na /boot usiisahau, maana kuisahau ndiko kulikowaponza wengi. Kisha ingia kwenye mfumo wako kwa `arch-chroot /mnt`, halafu `pacman -S linux linux-lts`. Hiyo linux-lts, kerneli ya akiba inayodumishwa muda mrefu, iache humo siku zote.

`journalctl -b -1`, kumbukumbu za uwashaji uliopita, hainionyeshi kosa lolote.

Kerneli ikianguka kabla diski haijaunganishwa, hakuna kinachoandikwa. Kwenye GRUB bonyeza e, futa maneno `quiet` na `splash` yanayoficha maandishi, bonyeza Ctrl+X, usome mwenyewe inakokwamia.