Kushuka daraja siyo kwenda kupumzika, muulize mtu wa Tanga

Mdogo wangu, umeandika hapa kwamba timu kubwa ikishuka Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, "inapumzika msimu mmoja, inarudi". Nimecheka, kisha nikakumbuka mwaka 2016.

Mwaka ule Tanga tulishuka wote watatu kwa mpigo: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Mkoa mzima hauna timu Ligi Kuu! Sisi Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, mabingwa wa ligi wa 1988, tukajipa moyo kama wewe: msimu mmoja tu.

Wakati huo Championship ikiitwa Ligi Daraja la Kwanza: timu 24, makundi matatu ya timu nane nane. Piga hesabu, ni mechi 14 tu. Watu wanadhani uchache huo ni unafuu. Wapi! Ukiteleza mechi mbili mwanzoni, huna pa kujirekebishia. Na msimu wa 2016/17 kila kundi lilipandisha mmoja tu. Wakapita Singida United, Lipuli na Njombe Mji. Sisi tukabaki tunatazamana.

Mechi za ugenini hatukuziona kwenye televisheni. Pale barazani kwetu Ngamiani tulikuwa na jamaa anayesafiri na timu. Anapiga simu, tunaitumbukiza kwenye bakuli tupu ili sauti ipande, muuza kahawa anaambiwa asigonge vikombe. Unasikia kelele, hujui wamefunga wao au sisi. Halafu salio linakata. Dakika kumi nzima wazee wanaulizana, "Kwani ilikuwa ngapi?"

Nyumbani nako ndoo ilikuwa inapita jukwaani baada ya mechi, tunachangia nauli ya safari inayofuata. Siku moja nilitumbukiza elfu mbili, mzee wa pembeni yangu akaniambia, "Mwanangu, hiyo haifiki hata Korogwe."

Msimu wa pili, 2017/18, tukapanda. Lakini niseme ukweli hata kama Wagosi wenzangu watanuna: mwaka ule mlango ulipanuliwa. Ligi Kuu ilikuwa inaongezwa kutoka timu 16 hadi 20, kwa hiyo kila kundi likatoa wawili. Tukapita sisi, KMC, JKT Tanzania, African Lyon, Alliance na Biashara United. Mlango ungebaki mmoja kama mwaka uliotangulia, sina uhakika leo ningekuwa naandika kwa kiburi hiki.

Sasa hivi Championship ni timu 16 na mechi 30. Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne wanaenda mchujo. Ni haki zaidi, sikatai, kwa sababu mbio ndefu humuumbua mbabaishaji. Ila mechi 30 ni safari 15, na ndoo ile ile.

Pamba ya Mwanza nayo ilikuwa timu kubwa. Ilipopanda tena mwaka 2024, kuna vijana waliozaliwa ikiwa chini ambao tayari walishapiga kura.