Kabla Hujatia Saini: Neno kwa Wahandisi Washauri Chipukizi wa Umeme

Tukiwa tumesimama juani mjini Jinja, Uganda, tukimsubiri mkandarasi, kijana ninayemlea kikazi aliniuliza mhandisi mshauri huuza nini hasa, maana kebo hauzi, transfoma hauzi, na koleo hashiki. Nilimjibu kwamba anauza saini yake, na kwamba saini hiyo niliwahi kuiuza kwa hasara.

Miaka ya mwanzo nilisimamia jengo moja la ghorofa tatu huko Mbale. Mwezi Aprili, mvua zikiwa zimeshiba ardhini, nilipima ukinzani wa waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu na wa radi udongoni, nikapata omu 4 (zikiwa chache ndiyo salama), nikaridhika, nikasaini. Mwishoni mwa Februari iliyofuata, udongo mwekundu ukiwa umekauka hadi kupasuka, radi ya kwanza ya msimu iliunguza vifaa kadhaa vya mwenye jengo. Nilirudi na kipimo kilekile, kikasoma omu 19. Sisemi kwamba udongo peke yake ndio uliounguza vifaa, kwa sababu hata vilinda-radi kwenye bodi kuu nilikuwa sikuvidai, ila cheti kilikuwa na jina langu. Tulipigilia udongoni fimbo ndefu zaidi ya kushika waya huo, tukaongeza ya pili mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, tukaziunganisha, na gharama nikaibeba mimi. Tangu hapo napima kiangazi, na nikilazimika kupima masika naandika hivyo waziwazi kwenye ripoti. Hili si jambo la kudharau katika nchi ambayo mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule moja ya Kiryandongo.

Mtihani wa pili ni wa muuza vifaa. Mteja wangu mmoja alikuwa ameshauriwa kununua jenereta ya kVA 250 (kVA ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta), ilhali mzigo wake wa juu kabisa, nilipoupima kwa wiki nzima, haukuzidi kilowati 100. Ukigawanya kwa pawa fakta ya 0.8, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi, unapata kVA 125, na hata ukiacha nafasi ya kukua, 160 ingemtosha. Jenereta ya dizeli inayofanya kazi kwa mzigo mdogo siku zote haiunguzi mafuta vizuri, hujaa masizi, na mwenyewe huishia kulipia matengenezo ya nguvu asiyoitumia. Muuzaji alinipigia simu kuniuliza “chai” yangu iwe kiasi gani. Ukiipokea mara moja, mdogo wangu, hesabu zako zote zinazofuata zitakuwa zake.

Kuhusu usajili sina mengi: anza mapema kuweka kumbukumbu za kazi zako kwa ajili ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa kuwa kukumbuka miradi ya miaka minne kwa usiku mmoja ni mateso niliyoyapitia.

Mkandarasi alifika akiwa na cheti kilichokwisha kuchapwa, sehemu ya kipimo ikiwa imejazwa, akanipa na kalamu. Kalamu niliitia mfukoni, kifaa cha kupimia nikampa kijana apime upya. Alivuta waya mita 40 kutoka kwenye fimbo, akapigilia kigingi cha mwisho, kisha akahesabu hatua kurudi nyuma hadi mita 25 kutoka kwenye fimbo apigilie cha kati, mkandarasi akiitazama saa yake.