Kabla hamjakabidhi masta: somo la New Line kwa wasambazaji wapya

Wadogo zangu mnaohitimu hapa Bagamoyo na kuanza moja kwa moja kusambaza filamu zenu, mikataba mnayoniletea inarudia kifungu kilekile: msambazaji anakabidhiwa masta, yaani nakala kuu ya filamu, na haki zote, nchi zote, kwa malipo ya mara moja. Waliowatangulia walisaini hivyohivyo enzi za VCD, na leo filamu zao zikionekana mtandaoni hawana cha kudai. Inaniuma kuona nanyi mnapita humohumo.

Kwanza, someni historia za kampuni, si za filamu peke yake. New Line Cinema, kampuni ya filamu ya Marekani, ilianzishwa New York mwaka 1967 na Robert Shaye, ikianza kwa kupeleka filamu kwenye vyuo vikuu, kwa watazamaji ambao studio kubwa hazikuwashughulikia. Ninyi mnazo shule, vyuo na vibanda umiza, lakini bado mnasubiri kumbi za Dar es Salaam ziwaite.

Pili, filamu ndogo inaweza kuibeba kampuni, kama A Nightmare on Elm Street ya mwaka 1984 ilivyoibeba New Line.

Tatu, na hapa naomba mtulie. New Line ilizoea kuuza haki za nchi za nje kabla ya filamu kukamilika, ili fedha za wanunuzi zipunguze mzigo wa gharama. Kwa filamu ya bei ndogo, hiyo ni kinga nzuri. Lakini iliitumia pia kwa The Golden Compass, iliyogharimu takriban dola milioni 180 na kutoka Desemba 2007. Marekani iliingiza takriban dola milioni 70 tu, ilhali nje ya Marekani ilivuka milioni 300, na mapato hayo ya nje yakaenda kwa walionunua haki mapema. Filamu hiyo haikuwa sababu pekee ya yaliyofuata, lakini mwanzoni mwa mwaka 2008 Time Warner, iliyokuwa ikiimiliki New Line tangu 1996, iliiingiza ndani ya studio yake nyingine, Warner Bros., na Shaye pamoja na mwenzake Michael Lynne wakaondoka.

Kijana mmoja niliyemsimulia haya alinijibu, "Kaka, mimi nadaiwa kodi ya kamera." Namwelewa kabisa, kwa sababu deni la kamera halisubiri. Hata hivyo, deni hilo lingelipika kwa kuuza haki za Tanzania Bara peke yake kwa miaka miwili, naye akabaki na Kenya, Kongo, televisheni na mtandao, kwani filamu ya Kiswahili ina watazamaji huko kote.

Nne, sajilini kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla masta haijatoka mikononi mwenu. Tano, mkataba usiotaja tarehe ya kuisha urudisheni, hata kama fedha zimeshahesabiwa mezani.